NYUMBA NA JAMII: Nani Abebe Kodi ya Kabwela?

Huko Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, upo ubishi usiokwisha, nao huzidi msimu wa mvua, wakati turubai zinapoanza kuvuja. Upande mmoja husema kwamba serikali ya Uganda imekwisha kumfanyia mkimbizi jambo ambalo haijamfanyia raia wake anayepanga chumba Kisenyi, mjini Mbarara: imempa ardhi ya kujengea pasipo kumdai senti. Upande wa pili hujibu kwamba ardhi si nyumba, na kwamba mtu aliyepewa kiwanja, fito na turubai hajapewa makao, bali amepewa kazi ya kuyatafuta. Pande zote mbili zina haki kwa kiasi chake. Na kwa kuwa ubishi huu ndio ule ule unaosikika katika mabunge ya Kampala, Nairobi na Dodoma, yaani kama ni wajibu wa serikali kumsaidia mtu wa kipato kidogo alipe kodi ya nyumba, yafaa utazamwe kwa utulivu.

Nakivale si kambi changa. Ilianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, nayo ni miongoni mwa makazi ya zamani kabisa ya wakimbizi barani Afrika. Mwishoni mwa mwaka 1982, maelfu ya watu waliohesabiwa kuwa na asili ya Rwanda walipofukuzwa katika vijiji vya Ankole, ni huko walikokimbilia baadhi yao, wakiwa wameacha nyumba na ng'ombe nyuma. Baada yao wamekuja Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Leo makazi hayo yana kanda tatu, Base Camp, Juru na Rubondo, na Kiswahili ndiyo lugha inayowaunganisha Mkongo wa Kivu na Mrundi wa Makamba wanapouziana maharage.

Anayefika hupimiwa kiwanja na Ofisi ya Waziri Mkuu. Zamani kiwanja kilikuwa kikubwa, chenye nafasi ya nyumba na shamba pia. Kadiri watu walivyoongezeka ndivyo vipimo vilivyopungua, hata familia nyingi siku hizi hazina pa kupanda zaidi ya mistari michache ya mahindi nyuma ya jiko. Nyumba huanza na miti na turubai. Jua la Isingiro halina huruma na turubai. Baada ya muda si mrefu huanza kupasuka kwenye mikunjo, na hapo ndipo baba na mama huanza kufyatua matofali ya udongo, mia leo, mia kesho kutwa. Mwenye bahati hupata mabati. Asiyepata huweka turubai jingine juu ya lile la kwanza.

Hapo ndipo linapoingia jambo ambalo wengi hawalitaji. Kanuni za wakimbizi za mwaka 2010, zilizotungwa kutekeleza Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, humruhusu mkimbizi kuitumia ardhi aliyopewa, lakini humkataza kuiuza, kuipangisha au kuihamishia kwa mtu mwingine kwa njia yoyote. Makusudio yake ni mema. Ardhi ile ni mali ya taifa, na bila katazo hilo wajanja wangekwisha kuinunua yote. Hata hivyo, vyumba vinapangishwa. Katika kila makazi makubwa yenye madukani yake, fundi cherehani anahitaji mlango unaotazama barabara, mwalimu anahitaji kulala karibu na shule, na kijana aliyetoka Bukavu jana hawezi kungoja mpaka apimiwe kiwanja. Kodi hulipwa mkono kwa mkono, pasipo hati. Siku mwenye chumba atakapotaka kukirudisha, mpangaji hana mahali pa kulalamikia, maana mapatano yenyewe hayatambuliwi. Sheria iliyokusudiwa kumlinda mnyonge wa kwanza imemwacha mnyonge wa pili nje, nao wote wawili ni wakimbizi.

Basi wengine huamua kuondoka kwenda Mbarara. Na huko hukutana na hesabu.

Mji wa Mbarara una historia yake ya nyumba, nayo ni ya machungu. Katika vita vya mwaka 1979 vya kumwondoa Idi Amin, mji ulitekwa mwezi Februari, na majengo yake mengi yakalipuliwa kwa baruti. Kabla ya hapo, mwaka 1972, Waasia waliokuwa wamejenga maduka na nyumba nyingi za mjini walifukuzwa nchini, na majengo yao yakawekwa chini ya Bodi ya Mali za Waasia Walioondoka. Serikali ikawa mwenye nyumba mkubwa kuliko wote. Wapangaji wake walilipa kodi ndogo, na kwa maneno ya leo wangeitwa wapangaji wa nyumba za ruzuku. Lakini ni nani walioingia humo? Wachache mno walikuwa vibarua na wachuuzi. Walioingia walikuwa watu wenye kujulikana: maofisa, wafanyabiashara wapya, jamaa wa wakubwa. Na kwa kuwa kodi ile haikutosha hata kununua chokaa, mabomba yalioza na paa zikavuja, mpaka mali zile zilipoanza kurudishwa kwa wenyewe kufuatana na sheria iliyopitishwa mwaka 1982. Somo la nyumba za serikali zenye kodi nafuu, kwa hiyo, Mbarara inalo tayari.

Tangu Julai 2020 Mbarara ni jiji. Barabara zimepanuliwa, hoteli zimeongezeka, na bei ya ardhi imepanda kama moshi wa tanuri. Watu wa kipato kidogo huishi katika vyumba ambavyo Uganda nzima huviita muzigo: safu ndefu ya vyumba chini ya paa moja, kila familia mlango mmoja, choo kimoja cha shimo kwa milango yote. Mwenye kukijua Kiswahili akilisikia neno hilo hawezi kujizuia kutikisa kichwa.

Chukuliwe mfano tu, ili jambo lipate sura. Baba ni kibarua wa ujenzi, na siku ya kazi hupata shilingi 8,000. Kwa siku 24 za mwezi anapata 192,000. Kodi ya chumba ni 80,000. Maji ya kununua, jerikeni nne kwa siku kwa shilingi 200 kila moja, ni 24,000 kwa mwezi. Zinabaki 88,000, yaani pungufu ya shilingi 3,000 kwa siku, za kununulia posho, maharage, mkaa, sabuni, dawa na daftari kwa watu watano. Mama akiuza ndizi barazani mambo hupata nafuu. Mtoto akiugua malaria, kodi ya mwezi huo haipo. Kwa mtu wa namna hiyo suala la nyumba halina siasa ndani yake. Yeye hutaka kujua tu kama tarehe mosi kufuli litakuwa lake au la mwenye nyumba.

Wanaotetea nyumba za ruzuku husema hivi: mshahara wa kibarua umewekwa na soko, na kodi imewekwa na soko, lakini masoko hayo mawili hayajuani. Serikali isipoingia kati, watu watajibana katika mabonde na kingo za mito, kipindupindu kitaingia, na gharama ya kuwatibu itazidi gharama ya kuwajengea. Hoja hii ina uzito, wala si hoja ya juzi. Wakoloni wenyewe waliikubali kwa sababu zao: mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950 walijenga mitaa ya Naguru na Nakawa mjini Kampala ili wapate wafanyakazi wa Kiafrika karibu na viwanda na ofisi. Baada ya uhuru, mwaka 1964, likaundwa Shirika la Taifa la Nyumba na Ujenzi, lililojenga maghorofa ya Wandegeya, Bugolobi na Bukoto.

Lakini maghorofa ya Bugolobi hayakupata kuwa ya kibarua. Yalichukuliwa na watumishi wa ngazi za kati na za juu, na serikali ilipobadili mkondo kwa Mkakati wa Taifa wa Makazi wa mwaka 1992, ikasema kazi yake si kujenga tena bali kuwawezesha wengine wajenge, nyumba nyingi za umma zikaanza kuuzwa. Waliokuwa ndani ndio waliopewa nafasi ya kwanza ya kununua. Hivyo mtu aliyebahatika kupata nyumba ya ruzuku mara moja alibahatika mara mbili, na yule ambaye hakuwahi kuipata alikosa mara mbili.

Yaliyotokea Naguru na Nakawa ni mabaya zaidi, nayo yanastahili kukumbukwa kila mara mtu anaposimama jukwaani na kuahidi nyumba mpya. Mkataba wa kuijenga upya mitaa hiyo ulitiwa sahihi na kampuni ya wawekezaji mwaka 2007. Wapangaji waliahidiwa kurudi na kuuziwa nyumba katika majengo mapya. Mwezi Julai 2011 nyumba za zamani zilibomolewa, na familia zaidi ya 1,700 zikatawanyika. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2013. Miaka ikapita, majani yakaota, mkataba ukavunjwa, na mwaka 2022 Bunge likaunda kamati ya kuchunguza jinsi ardhi ile ilivyokuwa ikigawiwa wawekezaji wengine. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa bomoabomoa alikuwa amekwisha kufika darasa la tano au la sita kabla mtu yeyote hajaulizwa bungeni ardhi ya mama yake imekwenda wapi.

Jirani wa mashariki ameshika njia nyingine. Kenya iliamua kumkata kila mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri wake aongeze kiasi hicho hicho, ili zijengwe nyumba za bei nafuu. Ubishi wake ulifika mahakamani. Novemba 2023 Mahakama Kuu iliona kwamba tozo hiyo, pamoja na makosa mengine, iliwabagua waajiriwa kwa kuwaacha wasioajiriwa. Machi 2024 ikapitishwa sheria mpya iliyowaingiza wote. Mei 2025 nyumba 1,080 za kwanza zilikabidhiwa Mukuru, Nairobi. Wapo Wakenya wanaolalamika kwamba wanakatwa kwa ajili ya nyumba wasizozipata, na wapo wanaosema kwamba hatimaye wameona jengo badala ya hotuba. Yafaa kungoja kabla ya kuhukumu, kwa sababu mtihani wa nyumba ya kabwela hauko siku ya kukabidhiwa funguo. Uko mwaka wa tatu baadaye, unapobisha hodi na kuona ni nani anayefungua. Katika mradi wa Kibera ulioanza mwaka 2004, familia zilizohamishiwa maghorofa ya Lang'ata mwaka 2009 zilipata maji na umeme ndani. Baadhi yao wakaona afadhali wapangishe vyumba hivyo kwa wenye uwezo, wao warudi kwenye vibanda na kula tofauti ya kodi. Si wajinga hao. Walihesabu, wakaona kwamba njaa haiishi kwa kuwa na bomba la kuogea.

Tanzania nayo imepita njia zote. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilianza kwa kubomoa vibanda vya udongo Dar es Salaam na kujenga nyumba za kupangisha mahali pale pale. Baada ya miaka kadhaa ikaonekana kwamba nyumba moja hubomolewa ili moja ijengwe, na idadi haiongezeki, ilhali watu wanaendelea kushuka katika mabasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ikabadili nia: badala ya nyumba ikatoa viwanja vilivyopimwa, vyenye barabara na maji, na mwananchi akajenga mwenyewe kwa mwendo wake. Kuanzia mwaka 1974 Sinza na Kijitonyama zikapimwa kwa njia hiyo kwa msaada wa Benki ya Dunia, na Manzese ikaboreshwa bila kubomolewa. Na ni haki kuongeza kwamba Sinza leo si mtaa wa makabwela. Wengi waliopewa viwanja waliviuza. Halafu mwaka 2011 wakazi wa Magomeni Kota wakabomolewa tena, familia 644, nao wakangoja zaidi ya miaka kumi hadi maghorofa yao yalipozinduliwa Machi 2022. Wao angalau walirudi. Mtu wa Naguru akisikia habari hiyo atasema nini?

Hata nchi tajiri hazijamaliza mzozo huu. Mjini St. Louis, Marekani, yalijengwa maghorofa 33 ya watu wa kipato kidogo yaliyoitwa Pruitt-Igoe, na kuanzia mwaka 1972 yakabomolewa na serikali ile ile iliyoyajenga, kwa sababu kodi za wapangaji maskini hazikuweza kulipia matengenezo ya lifti na mabomba. Tangu mwaka 1974 Wamarekani wametumia zaidi hati za kumsaidia mpangaji: analipa takriban asilimia 30 ya pato lake, serikali inamalizia, naye anapanga kwa mwenye nyumba wa kawaida. Hata hivyo, katika kila familia nne zinazostahili msaada wa nyumba ni moja tu, au karibu na hapo, inayoupata. Jiji la Vienna, Austria, halikuuza nyumba zake. Lilianza kuzijenga katika miaka ya 1920 na leo linapangisha zaidi ya laki mbili. Siri ya Vienna, kama ni siri, ni kwamba jiji liliendelea kununua ardhi kabla haijapanda bei, mwaka baada ya mwaka, vyama vikija na kuondoka.

Askari na polisi, ambao wengi wao husoma ukurasa huu pamoja na jamaa zao, huenda wakafikiri kwamba mzozo huu ni wa raia. Sivyo. Kota ya kambini ndiyo nyumba ya ruzuku ya zamani kuliko zote nchini, kwa sababu anayekaa humo hukaa kwa ajili ya kazi yake wala hatozwi kodi ya soko. Vile vibanda vya bati vya mviringo vya polisi, ambavyo mlango wake ni mfupi na chumba chake ni kimoja, vimepewa na askari wenyewe jina la "mama ingia pole". Jina hilo linachekesha mara ya kwanza tu. Ndani yake wamelelewa watoto ambao pazia la kitenge ndilo lililowatenganisha na kitanda cha wazazi wao, na mchana bati likipata moto mama hupika nje hata mvua ikinyesha. Yamejengwa maghorofa mapya ya polisi Naguru na kwingineko, na jeshi nalo lina mipango yake, lakini foleni ni ndefu, na askari wengi wa Mbarara, wa polisi na wa Makenke, hupanga uraiani pamoja na wale wale vibarua wa Kisenyi na Kijungu. Mwenye nyumba akiona sare huongeza kodi, akidhani kwamba mshahara wa serikali haukauki.

Zaidi ya hayo, nyumba ya kambini hukoma pamoja na kazi. Askari akistaafu hana budi kuondoka. Na tangu Machi 2007, wanajeshi wa Uganda walipoanza kwenda Somalia kulinda amani, wapo wake waliobaki kambini wakingoja mume, kisha wakaletewa habari badala ya mume. Mjane huyo hupewa muda na rambirambi, kisha siku moja chumba kinahitajiwa na askari mwingine mwenye familia. Hapana mtu mwovu katika habari hiyo. Ofisa wa kota anatekeleza wajibu wake. Lakini mama yule aliyeishi miaka kumi na miwili bila kulipa kodi huingia katika soko la vyumba siku ile ile alipopoteza mlezi, akiwa na watoto, magodoro na barua. Ikiwa upo mtu mmoja Uganda ambaye serikali inapaswa kumlipia kodi bila mjadala, angalau kwa miaka miwili au mitatu mpaka ajue ataishije, ni huyo. Msaada wa namna hiyo hauhitaji saruji wala jiwe la msingi. Unahitaji daftari la majina lililo safi na mhasibu mwaminifu.

Kwa walio wengi, hata hivyo, hesabu ya maghorofa haisimami. Ikiwa nyumba moja ya ghorofani itagharimu, tuseme, shilingi milioni 60, na mpangaji akalipa 80,000 kwa mwezi, fedha hiyo itarudi baada ya miaka 62 na nusu, pasipo riba na pasipo kuziba hata ufa mmoja. Makadirio ya serikali yenyewe yametaja upungufu wa nyumba zaidi ya milioni 2 nchini. Hazina gani itajenga kiasi hicho? Itajenga mia chache, na hizo mia chache zitakwenda kwa wanaojua mlango wa ofisi. Afadhali fedha hiyo hiyo ipime viwanja, ichimbe mifereji, ivute maji hadi mwisho wa mtaa, na iwakopeshe watu saruji na mabati. Mbarara ilikuwa mmoja wa miji mitano iliyoingizwa mwaka 2010 katika mpango wa kuboresha makazi ya maskini wa mijini, pamoja na Arua, Jinja, Kabale na Mbale. Wakazi walikusanya akiba katika vikundi, wakachagua wenyewe cha kutengenezwa kwanza, nao aghalabu walichagua vitu visivyopendeza katika picha: vyoo, mifereji, maji. Huko Masese, Jinja, tangu mwaka 1989 wanawake walifundishwa kufyatua matofali na kujijengea. Miradi hiyo haikukosa dosari. Baadhi ya waliojenga waliuza na kuhama, kama watu wa Sinza. Lakini hata aliyeuza aliuza kitu chake, na hapo ndipo tofauti ilipo kati yake na aliyebomolewa Nakawa.

Kwa Rubondo, dawa ya kwanza ni ya kalamu. Kanuni zingeweza kurekebishwa ili ardhi isiuzwe kamwe, lakini chumba alichokijenga mkimbizi kwa matofali yake kipangishwe kwa hati inayosajiliwa katika ofisi ya makazi, kodi ikijulikana na muda ukijulikana. Wenyeji wa Isingiro, ambao mashamba yao yanapakana na makazi na ambao baadhi yao hudai sehemu za ardhi hiyo, wana sababu ya kuwa na wasiwasi, washirikishwe. Kulifumbia macho jambo linalotendeka kila siku hakumlindi mwenyeji wala mgeni.

Kwa raia wa Mbarara iko sheria, nayo haijulikani kama inavyostahili. Ni Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022. Inasema kodi isipandishwe kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na kwamba mpangaji asitolewe ndani pasipo amri ya mahakama. Inataka pia mapatano yaandikwe, lakini tu pale kodi inapofika shilingi 500,000 au zaidi. Hapo pana kasoro kubwa, maana muzigo wa shilingi 80,000 umebaki katika mapatano ya mdomo, ilhali mpangaji wake ndiye anayehitaji karatasi kuliko mwenye nyumba ya laki tano, ambaye ana wakili. Sheria haimkatazi wa chini kuandikiana. Basi na aandikiane.

Mama anayekwenda kutazama chumba asiende jioni, kwa kuwa jioni vyumba vyote ni vizuri. Aende asubuhi baada ya mvua, atie mkono ukutani chini ya dirisha na kuupapasa udongo ulio karibu na sakafu. Unyevu wa hapo ndio kikohozi cha mtoto mwezi wa pili. Atazame kama juu ya mlango pana tundu la kupitisha hewa, na kama halipo asithubutu kuingiza jiko la mkaa ndani usiku hata kukiwa na baridi ya Juni, maana moshi wa mkaa usioonekana huua watu usingizini pasipo kelele. Ahesabu milango na vyoo. Aulize maji yanauzwaje wakati wa kiangazi, si leo. Aulize waliokaa humo kwa nini waliondoka, na asimuulize mwenye nyumba bali jirani. Akiridhika, mapatano yaandikwe kwenye karatasi mbili, hata kama ni za daftari la mtoto: jina la kila mmoja, kodi, tarehe, kiasi kilichotangulizwa, na nani atalipia choo kikijaa. Mwenyekiti wa kijiji, yaani LC1, aweke mhuri. Kila malipo yawe na stakabadhi, na stakabadhi zikae pamoja na kadi za kliniki za watoto, mahali ambapo baba hawezi kuzitumia kuwashia sigara.

Mwenye kuweka akiba kidogo katika chama cha akiba na mikopo, kama Wazalendo kwa askari jeshi au Exodus kwa polisi, asingoje kustaafu ndipo atafute kiwanja. Kipande kidogo cha ardhi chenye hati safi, hata kiwe mbali kidogo na barabara ya lami, hununuliwa kwa urahisi zaidi mtu anapokuwa bado na mshahara. Mke ajue kilipo na jina lake liwe katika hati pamoja na la mumewe, kwa sababu ambayo wake wa askari waliokwenda Somalia hawahitaji kuelezwa.

Na halmashauri ya jiji la Mbarara inao muda bado, lakini si mwingi. Upande wa barabara ya kwenda Isingiro migomba inazidi kung'olewa, vigingi vinapigwa, na wanaopima si maofisa wa mipango miji bali madalali. Kila ekari inayokatwa vipande bila kuachiwa njia ya mfereji wala nafasi ya kisima itakuja kuwa Kisenyi nyingine, na aliyetoka Rubondo kutafuta kibarua atapanga humo, chumba kimoja, mlango mmoja, pamoja na askari aliyekosa kota.